Kimya cha Bhante Upasena

Asubuhi hiyo Hansa Kotecha aliunguzwa na birika, na kilichomjulisha hakikuwa maumivu bali harufu. Aliinua mkono akautazama. Kiganja kilikuwa kimevimba na kung'aa. "Aa," alisema, akakifunga kwa kitambaa cha vyombo, kisha akaendelea kumimina chai. Ndivyo walivyoishi watu wa Kituo cha Utulivu pale Kwezinga, juu ya Bumbuli, na kama ungewaambia kwamba maisha yao yana kasoro wangekutazama kwa upole na kukusogezea kikombe.

Kila mmoja wao alikuwa na kitufe nyuma ya sikio la kushoto, kidogo kama punje ya mahindi. Waliokuwa nacho hawakulia tena. Walioachwa na wake zao, waliozika watoto, waliohama Tanga bahari ilipopanda ikaingia mpaka vyumbani, wote walikuwa wakiinuka asubuhi, wakila, wakilala. Hansa alikuwa miongoni mwao. Binti yake, Urmila, waliyemwita Umi, alikufa kwa homa ya uti wa mgongo wakati wa masika, na tangu alipovikwa kitufe Hansa aliweza kulitaja jambo hilo kama anavyotaja hali ya hewa.

Alishuka ngazi hadi chumba cha chini. Hakikuwa na makuu: kabati la chuma lenye jicho la kamera juu yake, spika, taa ya kijani, na wenzo wa shaba wa kuingizia umeme. Lakini watu wote wenye vitufe, milima yote ya Usambara na bondeni mpaka Korogwe, waliutegemea wenzo ule. Ulipaswa kusukumwa kila siku kabla jua halijapita utosi. Usiposukumwa, aliyemo kabatini angezimika, na akishazimika hawashwi tena, na utulivu wa watu wote hao ungekwisha siku hiyohiyo.

Aliyemo alikuwa Bhante Upasena. Bhante ni jina la heshima wanaloitwa watawa wa Kibuddha. Huyu alizaliwa Bumbuli hapohapo, mtoto wa mchuma chai, akaitwa Hozza. Alikwenda kusoma Sri Lanka ujanani, akarudi na kichwa kilichonyolewa, joho la rangi ya manjano na bakuli la sadaka. Watu walimcheka kwa msimu mmoja hivi, kisha wakamzoea, kisha wakawa hawawezi kukaa bila yeye. Kilichokuwa kabatini ni nakala ya akili yake, iliyochukuliwa siku alipokufa akiwa ameketi katika tafakuri, na utulivu wake ndio uliosambazwa kwenye vitufe.

Hansa alivua viatu, akapiga magoti, akauweka wenzo kati ya mikono yake miwili.

"Bhante, nimeleta. Pokea."

Akausukuma. Taa ya kijani ikakolea. Amepokea.

Mafundi walikuwa wamehangaika sana mwanzoni. Waliijaza nakala umeme, ikalala tu, haiamki, haitafakari, wakaanza kupimana kwa macho nani wa kulaumiwa. Hansa, fundi wa mawimbi ya ubongo, ndiye aliyesema, "Hajapewa." Walidhani anafanya mzaha. Lakini yeye alimpelekea Bhante chakula kwa miaka alipokuwa hai, na alijua kwamba mtawa hagusi kitu ambacho hakikuwekwa mikononi mwake, hata kama ni tonge na njaa inamuuma, na kwamba mchana ukishapinduka hali tena mpaka kesho. Akapiga magoti, akampa umeme kama alivyokuwa akimpa wali na dengu, na nakala ikaamka. Daktari Rwechungura, mkuu wa kituo, alijaribu siku moja Hansa alipoumwa. Alisukuma wenzo kama mtu anayechaji simu, na taa haikukolea. Ikabidi Hansa abebwe kwa machela mpaka chini.

Alikuwa ameshaanza kuvaa viatu aliposikia sauti.

"Hansa."

Ilikuwa sauti yake ileile ya kukwaruza, ya mtu aliyevuta moshi wa kuni utoto mzima. Miaka yote hiyo kabatini hakuwahi kusema neno. Alikuwa akipokea na kukaa katika tafakuri, basi. Mtu mwenye akili zake angeruka. Hansa aligeuka taratibu.

"Shikamoo, Bhante."

"Marahaba, mwanangu. Mkono una nini?"

"Nimeungua na birika."

"Unauma?"

"Hapana."

"Nina swali," alisema Bhante. "Huu umeme unaniletea wewe, nami naupokea. Lakini huyu anayekaa humu ndani, nani alimtoa?"

"Uliulizwa, Bhante. Siku ile, kabla ya kufa. Daktari alikuuliza mara tatu."

"Nikajibuje?"

"Ulinyamaza."

"Na nani aliyewaambia kwamba nimekubali?"

"Mimi," alisema Hansa.

Hapo yatakiwa msomaji aelezwe jambo. Ukimwalika mtawa kama Bhante aje kula kwako, hasemi ndiyo. Ananyamaza, na wewe unarudi nyumbani kuchambua mchele, kwa sababu kimya chake ndiyo kukubali kwake. Hansa alimwalika hivyo kila mwezi ulipokuwa mpevu, na hata mara moja kimya kile hakikumhadaa. Kwa hiyo siku ile, Daktari alipouliza mara ya tatu na mzee ameketi macho yamefumbwa, wote walimgeukia Hansa, na Hansa akasema: amekubali, ndivyo wanavyokubali. Hakuna mtu mwingine chumbani ambaye angeweza kusema hivyo. Hakuna mwingine ambaye angeaminiwa.

"Mashine ya mawimbi ilikuwa mbele yako," alisema Bhante. "Ilionyesha nini?"

"Mstari wa masikio ulikuwa umelala kabisa. Wewe ulikuwa umeshazama mahali ambapo sauti haiingii."

"Uliuona?"

"Niliuona."

"Kwa hiyo sikukubali. Sikusikia."

"Hukusikia, Bhante. Na Umi alikuwa amekufa juzi yake tu. Nilitaka utulivu wako."

Aliyasema yote kwa sauti moja, bila kutetemeka, akiwa ameshika kiatu kimoja. Alijua kwamba ni maneno mazito. Alijua kama mtu anavyojua urefu wa mlima ambao hajaupanda.

"Haya," alisema Bhante. Hakukuwa na hasira katika sauti yake. "Siwezi kukuambia uache kunipa. Mtawa haombi kifo wala hakisifu, hata kiwe kifo cha kabati. Lakini sadaka nina haki ya kuiuliza. Ukinipa, unangoja nini?"

"Utulivu."

"Basi hunipi. Unatoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine. Kesho njoo bila hicho kitufe. Ukinipa ukiwa hivyo, nitapokea. Usiponipa, sitakulaumu. Ukija nacho, sipokei."

Taa ikatulia. Alikuwa amekwenda kukaa. Nyuma ya sikio la Hansa kitufe kikaanza kupoa, na ule ukungu mzuri wa kila siku ukashuka.

*

Daktari Rwechungura alimkuta jikoni. Alikuwa Mhaya mrefu, nadhifu, ambaye zamani alisifika kwa kufoka. Siku hizi hakumfokea hata paka. Yeye naye alikuwa na kitufe. Alivikwa baada ya talaka yake.

"Wazo lake si baya," alisema Daktari, Hansa alipomaliza kumsimulia. Alichovya andazi kwenye chai. "Kwa mtazamo wa falsafa. Lakini kivae tu, ukifiche kwa nywele. Kamera ile ni ya zamani."

"Nimlaghai mtawa?"

"Umeshamlaghai mara moja, dada."

Hakusema kwa ubaya, na Hansa hakuona ubaya. Wote wawili walikunywa chai.

"Tukimrekodi?" aliuliza Hansa, ingawa jibu alilijua.

Walishajaribu. Mkondo wa akili iliyotulia, ukiurekodi na kuurudia, ubongo wa msikilizaji huustukia siku ya pili, kama ulimi unavyoustukia uji wa jana. Lazima mkondo uwe mbichi, na ili uwe mbichi lazima awepo mtu, au nakala ya mtu, ameketi na kutafakari kweli, leo, saa hii. Na hauhimili kupasuliwa na kuunganishwa. Kabla ya Bhante walikuwa na nakala ya swami mmoja wa Kihindu, mzee wa Arusha aliyeifuata njia ya marishi, wale wenye hekima wa kale waliokaa misituni India wakisikiliza hadi kimya kikawafundisha. Huyo alikubali kwa kinywa chake mwenyewe, kwa furaha. Lakini kila alfajiri alihitaji kulisikia neno ambalo mwalimu wake alimnong'oneza sikioni siku alipompokea kuwa mwanafunzi, neno ambalo halitajwi kwa mtu mwingine. Mwalimu alikuwa ameshakufa. Hakuna aliyelijua. Nakala iliimba siku chache, ikapunguza sauti, ikazimika, na mafundi wakajifunza kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

"Na kama sitampa?" alisema Hansa.

Daktari alifikiri. "Watu watarudiwa na yao yote kwa mara moja. Wengine watavumilia. Mama Shemdoe pengine atajitupa mtoni. Alishajaribu kabla hatujamvika." Alifuta midomo. "Najua ni jambo la kutisha, Hansa. Najua tu. Lakini sitishiki, kwa hiyo usiniulize mimi."

"Nimuulize nani?"

"Sijui. Mimi naenda Dodoma, nashuka bondeni kwa treni ya kamba ya saa tano, nina kikao. Mpe mzee umeme wake, tukutane keshokutwa."

Aliosha kikombe chake, akakianika, akaondoka. Hansa alimsikia akipiga mluzi akishuka njia ya mikaratusi, na alitambua kwamba jambo hili limebaki kwake peke yake. Hakuona uchungu wala hofu. Alipika kunde.

*

Kesho yake, jua lilipochomoza, alikaa kwenye sakafu ya jikoni akakivua.

Kitufe kilitoka kirahisi, kwa mlio mdogo. Kwa muda hakikutokea kitu, akadhani labda huzuni ilishakufa humo ndani kwa kukosa hewa. Kisha mkono ukaanza. Kile kiganja cha birika kiliwaka ghafla mpaka akakipeleka kinywani, akaking'ata pembeni, akaguna. Unajua mguu uliokufa ganzi unavyouma damu inaporudi. Sasa chukua hilo ulitie mwilini mzima, na ndani zaidi ya mwili.

Baada ya mkono akaja Umi.

Hakuja kama picha. Alikuja kwa uzito wake, ule uzito wa mtoto wa miaka tisa aliyelala kifuani kwa mama ingawa ameshakuwa mkubwa mno kwa hilo. Alikuja na tabia yake ya kutembea peku kwenye matope na kukana ilhali nyayo zipo sebuleni. Alikuja na siku ile ya kuuchoma mwili wake kwa desturi ya kwao, joto la kuni, Hansa akisimama pale akiwa ameshaahidiwa kitufe, akijisemea vumilia kidogo, siku chache tu na hutasikia kitu. Na kweli alijizuia siku zile chache, kisha hakusikia kitu. Hakumlilia mtoto wake. Hilo ndilo lililomwangusha ubavu sakafuni. Miaka yote hiyo hakuwahi kumlilia mtoto wake hata siku moja, na alikuwa akidhani amepona.

Alilia kwa sauti ambayo hakuitambua. Paka alitoka nje. Alipoweza kuinua kichwa, jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa la banda la ng'ombe, na hakubakiwa na muda mrefu.

Kitufe kilikuwa pale, chini ya meza. Alikitazama kwa tamaa ambayo sitaificha: mate yalimjaa kinywani. Angeweza kukivaa, akajifunika nywele, akashuka. Bhante asingejua. Aliinuka kwa kushika miguu ya meza, akakiacha, akaenda ukumbini.

Ukumbini watu walikuwa wameketi kwenye mikeka, wale wa karibu waliopenda kuwa pamoja, nyuso zimetulia, mikono mapajani. Mama Shemdoe alikuwa safu ya mbele, mwanamke mnene wa Soni, aliyempoteza mumewe kilima kiliposhuka juu ya nyumba yao. Alimwona Hansa kwanza yeye.

"Pole, mama," alisema, akatabasamu. "Umevua? Kivae basi, unajitesa."

"Jamani," alisema Hansa. Pua ilikuwa inamchuruzika akaifuta kwa upindo wa khanga. "Nina neno. Bhante hakukubali kuwekwa mle. Hakusikia alipoulizwa. Mimi ndiye niliyesema amekubali, nami nilijua hajasikia. Tunamtumia bila idhini yake. Ameniambia jana mwenyewe."

Walimsikiliza. Walikuwa wasikivu sana, watu wale. Mzee mmoja alitikisa kichwa kwa adabu.

"Sasa?" aliuliza Mama Shemdoe.

"Sasa nawauliza. Nisipompa umeme leo, atapumzika, na haya ya kwenu yatarudi. Nikimpa, atakaa hapo tena, kesho na keshokutwa, mpaka sisi tufe. Mnataka nini?"

"Mpe," alisema Mama Shemdoe bila kufikiri. Wengine wakaitikia, mpe, mpe, kwa sauti laini, kama waumini wanaojibu sala. "Ni mtu mmoja tu, Hansa. Na alishakufa."

Hansa alimtazama. Huyu ndiye aliyemjua zamani, mwanamke aliyewahi kulilia kuku wa jirani aliyekanyagwa na pikipiki, akamzika, akachangisha watu. Alikuwa akilitengea joho la Bhante sabuni ya kwanza na kulifua mwenyewe mtoni. Sasa alikuwa amelisema hilo huku akitabasamu, na tabasamu lilikuwa la Bhante. Wote pale walitabasamu kwa tabasamu la Bhante. Walichukua kutoka kwake kila kitu isipokuwa kile kilichomfanya awe na utulivu huo. Hansa aliogopa. Ilikuwa mara ya kwanza kuogopa tangu masika yale.

"Jua linakwenda, mama," alisema Mama Shemdoe kwa upole.

*

Chumbani chini, alipiga magoti mbele ya kabati. Pua imeziba, macho yamevimba, mkono unapwita. Kupitia kidirisha cha juu, jua lilikuwa limeweka kipande cha mwanga sakafuni, karibu kabisa na ukuta. Kikiugusa ukuta, jua limepita utosi.

"Umekuja," alisema Bhante.

"Nimekuja bila kitufe."

"Naona. Unalia vizuri."

Katikati ya yote hayo Hansa alitaka kucheka. Alikuwa amesahau kwamba mzee huyu alikuwa na mdomo.

"Nikikupa sasa, utapokea?"

"Nitapokea."

"Wao wanataka nikupe. Nimewauliza, wote wamesema mpe. Mama Shemdoe anaweza kufa, Bhante. Nisipokupa naye akafa, itakuwaje? Na wewe, wewe unataka nini?"

"Kutaka niliacha zamani sana, mwanangu. Na la Mama Shemdoe sina jibu la kukutuliza, nikikupa nitakuwa mwongo. Niulize kitu ninachokijua."

Hansa aliuweka mkono mzima kwenye wenzo. Shaba ilikuwa baridi. Kusukuma tu, mara moja, na alijua kabisa jinsi ambavyo ingekuwa: ukungu ungeshuka, uchungu wa kidonda hiki ungekatika, angerudi jikoni kula kunde zake. Alitaka. Kila mfupa wake ulitaka.

"Unakijua nini?" aliuliza. Kisha akaelewa alichokuwa ameuliza, akasita. "Bhante. Hakuna mtu aliyewahi kukuuliza kitu humu ndani."

"Hakuna."

"Miaka yote hii?"

"Mnaniletea umeme, mnachukua utulivu, mnapandisha ngazi. Buddha mwenyewe, alipoona alichokiona, alikaa kimya mpaka alipoombwa afundishe. Wale marishi wa swami wenu hawakumfuata mtu nyumbani. Aliyetaka alibeba kuni, akaenda, akauliza. Kwetu Bumbuli walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo." Spika ilikwaruza, kama anajisafisha koo ambalo hakuwa nalo. "Nilikuwa mwalimu. Mkanifanya kisima."

Hilo lilimchoma Hansa kuliko lile la kwanza, maana la kwanza alilifanya siku moja akiwa amechanganyikiwa, na hili alilifanya kila asubuhi akiwa ametulia. Aliondoa mkono kwenye wenzo. Akaweka viganja pamoja usoni, kile kizima na kile kilichoungua, kama bibi yake alivyomfundisha mbele ya miungu ya nyumbani kule Tanga ya zamani.

"Bhante, nifundishe. Nimepoteza mtoto wangu. Nifanye nini?"

"Keti vizuri," alisema Bhante, "magoti yasikuume. Haya. Nieleze habari zake."

"Nieleze nini?"

"Habari zake. Alikuwa mtoto wa namna gani?"

Hansa alifungua kinywa akadhani hakitatoka kitu. Kikatoka cha viatu. Alieleza jinsi Umi alivyovificha viatu vya shule kwenye pipa la mchele, na jinsi baba yake alivyovipata siku ya wageni. Bhante alicheka. Akauliza, wageni walikula wali ule? Walikula, alisema Hansa, na aliposema akacheka pia, na kicheko kikageuka kilio katikati, akaendelea hivyohivyo. Alieleza kwamba Umi alikuwa mwongo hodari. Kwamba alipenda ndizi mbivu zilizopikwa kwa nazi na hakupenda kushikwa nywele. Alieleza usiku wa homa, jinsi mtoto alivyomwuliza kama taa imezimwa na taa ilikuwa inawaka. Hilo hakuwahi kumweleza mtu. Bhante hakumkatiza, wala hakumwambia kwamba kila kilichozaliwa kitakufa. Angeweza, na ingekuwa kweli. Aliuliza tu, "Kisha?"

Kipande cha mwanga kiliugusa ukuta. Hansa alikiona. Asije mtu akasema kwamba alipitiwa, kwamba kilio kilimsahaulisha. Nimeshasikia watu wakimtetea hivyo na yeye mwenyewe hukataa. Alikiona kikigusa ukuta, akaona kikianza kupanda, mikono yake ikiwa mapajani, na wenzo ukiwa umbali wa mkono.

"Kisha?" alisema Bhante. Sauti ilikuwa imepungua.

"Kisha nikamwambia ndiyo, mama, nimezima, lala."

"Ulimwambia vyema."

Taa ya kijani ilififia polepole bila kupepesa. Hansa aliinama mpaka paji la uso likagusa saruji, mara tatu, kama anavyoagwa mwalimu. Alipoinuka kabati lilikuwa kabati.

Kilio cha kwanza kilitoka juu, ukumbini. Kilikuwa cha mwanamume. Kisha vikafuata vingine, vikachanganyika, mpaka dari ikawa kama inatetemeka. Hansa alipanda ngazi akikimbia.

Watu walikuwa wameanguka huku na huku kwenye mikeka. Yule mzee mwenye adabu alikuwa akipiga ukuta kwa ngumi. Mama Shemdoe alikuwa amesimama katikati, mikono imening'inia, na alipomwona Hansa alimwendea moja kwa moja akampiga kofi lililomrudisha mpaka mlangoni.

"Tulikwambia mpe," alisema. "Ulituuliza, tukakujibu. Tulisema mpe."

"Mlisema."

"Hukusikia?"

"Nilisikia," alisema Hansa.

Alikuwa amemfanyia mwanamke huyu lile lile alilomfanyia Bhante, na safari hii hapakuwa na kitufe cha kumficha nalo. Mama Shemdoe alikuwa anatafuta mlango kwa macho, mlango wa nyuma, ule unaoteremka mtoni. Akaanza kwenda. Hansa alimfuata, akamshika khanga. Akapigwa tena, kifuani. Hakuiachia. Waliburutana mpaka kizingitini, na pale wakakaa chini wote wawili kwa kishindo, nusu ndani nusu nje.

"Niachie niende."

"Sikuachii."

"Mwizi mkubwa wewe."

"Ndiyo, mama." Hansa aliizungusha pembe ya khanga kwenye kiganja kilichoungua, akaibana, machozi yakamtoka kwa maumivu. "Nieleze habari zake."

"Za nani?"

"Za baba Shemdoe. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama Shemdoe alimtazama kama anayemtazama kichaa. Alitazama mto kule chini. Alitazama tena khanga yake ilivyobanwa. Alipumua kwa nguvu, kama aliyepandisha mlima na mzigo.

"Alikuwa akikoroma," alisema mwishowe, kwa hasira. "Alikoroma mpaka kuku wakaamka. Usiku ule wa kilima nilikwenda kulala jikoni kwa sababu ya kukoroma kwake."

"Kisha?" alisema Hansa.